Bangs, Christgau au Scaruffi: uanze na nani kati ya wahakiki hawa wanaogombanisha watu?

Wahakiki wengi wa muziki huondoka na gazeti la wiki yao. Hawa watatu wamebaki, na wamebaki kwa sababu watu hawajaacha kubishana juu yao. Yupo atakayekuapia kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya roki kumshinda Lester Bangs, na aliyekaa pembeni yake atakwambia yule alikuwa mlevi tu mwenye mashine ya taipu. Robert Christgau kuna wanaomwita mwalimu, na kuna wanaomwona mtu wa majivuno anayewasahihisha wasanii kama watoto wa shule. Piero Scaruffi je? Watu huzicheka orodha zake hadharani, kisha huzihifadhi kimyakimya.

Kwa anayetaka kuanza kuwasoma, kazi ni kwamba kila mmoja ameacha mlima wa maneno. Na ukianza na asiyekufaa, unaweza kuichukia tahakiki ya muziki yote ukadhani ndivyo ilivyo.

Kwanza tuwatambue. Bangs ni Mmarekani wa California, alizaliwa 1948 na akafariki New York mwaka 1982, akiwa na miaka 33 tu. Christgau ni mtoto wa New York, alizaliwa 1942, akaanza kuandika juu ya muziki miaka ya 1960 na akaendelea hadi uzeeni. Scaruffi ni Mwitaliano aliyezaliwa 1955, akasomea hisabati Chuo Kikuu cha Turin, akahamia California mwaka 1983 kufanya kazi katika teknolojia ya kompyuta. Huyu wa tatu hakuwa mwandishi wa gazeti wa kuajiriwa kama wenzake. Alijijenga mwenyewe kwa tovuti aliyoianzisha katikati ya miaka ya 1990.

Vigezo vya ulinganisho

Nitawatazama kwa mambo matano: lugha yao, jinsi wanavyopima albamu, masikio yao yameelemea wapi, kinachowaudhi watu, na urahisi wa kuwapata. Swali la nani yuko sahihi nimeliacha nje kwa makusudi. Mhakiki unayekubaliana naye kila mara hakufundishi kitu. Faida ipo kwa yule ambaye, hata akikukera, unajua kwa nini amekukera.

Lugha

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko pengine popote.

Bangs huandika kama mtu aliyekesha akizungumza. Anaanza na albamu, anahamia maisha yake, anatukana, anachekesha, anarudi kwenye albamu kurasa mbili baadaye akiwa amebadili mawazo. Insha yake maarufu ya mwaka 1971 katika jarida la Creem inasifu albamu kadhaa za bendi ya Count Five ambazo hazikuwahi kuwepo. Alizitunga zote: majina, nyimbo, hata kasoro zake. Msomaji anayetaka taarifa atajiona kachezewa. Anayesoma kwa moyo mkunjufu ataona kwamba ule uongo unasema ukweli fulani kuhusu namna shabiki anavyoota juu ya bendi ndogo isiyofika mbali. Lakini usidhani ni kelele tupu. Insha yake ya 1979 kuhusu albamu ya Astral Weeks ya Van Morrison ni ya sauti ya chini, yenye uchungu, na inauliza swali gumu: mtu akiyaona mateso ya wengine kwa uwazi kabisa, ataendeleaje kuishi? Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kurasa chache bora alizopata kuandika, na wengi wanaompenda Bangs kwa fujo zake huipita haraka mno.

Christgau ni kinyume chake. Aya moja kwa albamu moja, na mara nyingi aya fupi. Ndani ya aya hiyo amebana mzaha, rejea za siasa, neno la mtaani, neno la chuo kikuu na hukumu. Sentensi zake zinahitaji kusomwa mara mbili, na kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, mara tatu. Si kwamba anaficha maana, ameifinya. Ukishamzoea, utaanza kuwaona wahakiki wengine wanapoteza wino.

Scaruffi haandiki ili asifiwe kwa uandishi wake. Kurasa zake ni za kamusi ya elezo: bendi ilianza lini, ilitoa nini, ilibadilika vipi, ilimwathiri nani. Sifa na lawama amezimwaga ndani ya maelezo hayo, na hukumu huja bila utangulizi wala samahani. Kazi nyingi alianza kuziandika kwa Kiitaliano, na Kiingereza chake ni kikavu lakini kinaeleweka. Kwa urahisi wa lugha tu, yeye anawashinda wote wawili.

Wanavyopima

Christgau ndiye mwenye mfumo maarufu zaidi. Mwaka 1969, katika gazeti la Village Voice, alianzisha safu ya kumwongoza mnunuzi, akatoa alama za herufi kuanzia A+ hadi E-. Wakati ule waandishi wengi wa roki walikuwa wanaizungumzia kama dini mpya, na kuipa albamu ya nabii wao C+ ilikuwa kama kufuru. Yeye hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: albamu ni bidhaa, inauzwa, na anayetoa pesa yake ana haki ya kuambiwa. Mwaka 1990 aliurekebisha mfumo: albamu za katikati akaacha kuziandikia aya nzima, akabaki kuzitaja kwa ishara fupi au kuchomoa wimbo mmoja unaofaa, ili nafasi aitumie kwa zile nzuri. A+ zake ni chache, kwa hiyo zina uzito.

Scaruffi hutumia kumi, lakini kumi isiyofikiwa. Albamu ya roki ikipata 7 kwake imesifiwa. Ikipata 8 imo kwenye kundi la heshima. 9 ni kama albamu ya kwanza ya bendi ya The Doors, au ile ya kwanza ya Velvet Underground. Juu ya hapo kuna 9.5, na albamu zilizopanda hadi huko zinahesabika: Trout Mask Replica ya Captain Beefheart (1969), Faust ya bendi yenye jina hilohilo kutoka Ujerumani (1971), na Rock Bottom ya Robert Wyatt (1974). Mgeni akifungua orodha hiyo akitafuta majina aliyoyazoea redioni hupigwa na butwaa. Ndiyo nia yake, nadhani.

Bangs hana kipimo cha kukusaidia dukani. Anachokupa ni mabadiliko ya moyo yaliyoandikwa wazi. Tahakiki yake ya kwanza katika jarida la Rolling Stone, mwaka 1969, iliiponda albamu ya kwanza ya bendi ya MC5. Baadaye akawa mpenzi wao. Mwaka 1970 aliwadharau Black Sabbath, bendi ya hevi metali, na mwaka 1972 akawaandikia makala ndefu ya kuwatetea. Anayetaka hukumu isiyotikisika asije huku. Anayetaka kuona jinsi sikio linavyojifunza, hakuna pa kwenda pengine.

Masikio yameelemea wapi

Kila mhakiki ana upande, na wanaosema hawana ndio wa kuogopwa.

Bangs alipenda kelele, magitaa machafu, bendi za wasiojua sana kupiga: The Stooges, Velvet Underground, na baadaye panki. Albamu ya Lou Reed ya mwaka 1975, Metal Machine Music, ambayo ni mngurumo wa magitaa pande nne za santuri bila wimbo hata mmoja, yeye aliitangaza kuwa bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Utani? Nusu. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza, na Bangs alijua kabisa kwamba ni chongo. Ndiyo maana alipiga kelele zaidi. Lakini mwaka 1979 aliandika katika Village Voice makala kali juu ya ubaguzi wa rangi uliokuwa umejikita ndani ya panki ya New York, na hakujiondoa mwenyewe kwenye lawama, kwa kuwa naye alikuwa ametumia maneno yale yale kwa mzaha. Ni vigumu kumwelewa Bangs bila makala hiyo.

Christgau anapenda mdundo, wimbo uliokatwa vizuri, na ucheshi. Amewapa nafasi kubwa soul, fanki, na hip hop tangu ikiwa changa, na kati ya wahakiki wakubwa wa Marekani wa kizazi chake ni mmoja wa waliosikiliza muziki wa Afrika kwa bidii na kuuhukumu kama muziki, si kama kumbukumbu ya safari. The Indestructible Beat of Soweto, mkusanyiko wa nyimbo za Afrika Kusini uliotoka katikati ya miaka ya 1980, aliupa A+. Upande wa pili, hevi metali na roki ya kujikweza kwa nyimbo ndefu za kinanda hazimwingii, na amekiri hivyo mara nyingi. Ukiwa mpenzi wa metali, alama zake za upande huo zisome kwa kuzigeuza juu chini; albamu ya kwanza ya Black Sabbath aliipa C-.

Scaruffi anauliza swali moja: kuna jambo gani hapa halikuwapo kabla? Mauzo hayamhusu, umaarufu unamtia shaka, na wimbo mtamu wa dakika tatu si hoja kwake. Ndiyo maana Wajerumani wa miaka ya 1970, watunzi wa vipande virefu na wapiga vyombo wanaovunja umbo wanapanda juu sana, wakati pop na soul vinabaki chini kuliko wengi wangependa. Udhaifu wa swali lake ni kwamba muziki mwingi mzuri duniani haukuvumbua kitu. Ulifanya vizuri tu kile kilichokuwapo.

Kinachowaudhi watu

Bangs: maneno mengi, kujiweka mbele ya msanii, matusi. Mwaka 1973 alifukuzwa Rolling Stone kwa kukosa heshima kwa wanamuziki, baada ya tahakiki ya albamu ya Canned Heat. Mahojiano yake na Lou Reed ni ugomvi ulioandikwa, na kuna wanaoyaona kuwa ni ya kitoto. Pia baadhi ya lugha yake, hasa ya miaka ya mwanzo, leo inachoma masikio na haina utetezi.

Christgau: jina la Mkuu wa Wahakiki wa Roki wa Marekani alijipa mwenyewe, kwa utani, na watu wakasahau utani. Kosa zito zaidi lilitokea katika jarida la Esquire, alipoandika juu ya tamasha la Monterey la mwaka 1967 na kumbeza mpiga gitaa Jimi Hendrix kama mtu mweusi anayejidhalilisha ili kuifurahisha hadhira ya wazungu. Hukumu hiyo haijazeeka vizuri, na wasiompenda huitoa kila wanapomjadili. Wasanii nao wamemjibu. Lou Reed alimtukana jukwaani, matusi yakaingia kwenye albamu yake ya 1978, Take No Prisoners. Christgau aliipa C+ na akamshukuru Reed kwa kulitamka jina lake sawasawa. Jibu hilo peke yake linakuonyesha utampenda au hutampenda.

Scaruffi: The Beatles. Anashikilia kwamba walifuata zaidi kuliko walivyoongoza, na kwamba kuwaita bendi kubwa kuliko zote kunaonyesha roki bado haijakua ikawa sanaa ya kuhukumiwa kwa uzito. Kwa mamilioni ya watu hapo mazungumzo yanaishia. Lawama yenye nguvu zaidi, kwa mtazamo wangu, ni nyingine: mtu mmoja, bila mhariri, amehukumu maelfu ya wasanii wa roki, akaongeza jazi, akaongeza filamu na fasihi. Hakuna sikio moja linaloweza kukaa na kila albamu muda unaostahili. Kurasa zake nyingine zina kina. Nyingine zinanuka haraka.

Jaribio la albamu moja

Trout Mask Replica ni mahali pazuri pa kuwakutanisha. Nyimbo 28, mtayarishaji Frank Zappa, magitaa yanayovutana kila moja na mdundo wake, sauti ya Captain Beefheart ikikoroma juu yake. Wengi hawafiki wimbo wa tano.

Bangs aliisifu katika Rolling Stone mwaka uleule ilipotoka, akiwa na miaka 20, na maneno yake yana furaha ya mtu aliyekuta dunia ni pana kuliko alivyoambiwa. Scaruffi aliiweka kileleni kabisa mwa roki yote. Christgau akaipa B+, akaeleza kwamba angependa kuipa A lakini haiwezekani, kwa sababu imezidi mno kuwa ya ajabu.

Wa kwanza anakufanya utake kuisikiliza usiku huohuo. Wa pili anakwambia ilipo katika historia, nani alitangulia na nani alifuata. Wa tatu anakwambia jambo ambalo hawa wawili hawakujali: utakaa nayo vipi nyumbani, utaiweka mara ngapi. Mimi naona B+ ile ni ya uaminifu kuliko zote, ingawa bila Bangs nisingekuwa na hamu ya kuigusa kabisa. Fanya jaribio kama hili kwa albamu tatu au nne unazozijua nje ndani. Mhakiki hupimwa kwa albamu ambayo wewe mwenyewe umeshaichoka na kuipenda tena; kwa albamu usiyoijua atakudanganya bila wewe kuhisi.

Kuwapata

Christgau na Scaruffi wana tovuti zao zenye maelfu ya tahakiki, bure. Ya Christgau ina kisanduku cha kutafutia, unaandika jina la msanii na alama zote zinatoka. Pia kuna vitabu vyake vitatu vya miaka ya 1970, 1980 na 1990. Ya Scaruffi ina sura ya kizamani na viungo visivyoisha, lakini ukishajua kwamba wasanii wamepangwa kwa kipindi na mtindo, hupotei.

Bangs anataka ununue. Mkusanyiko wa kwanza, uliohaririwa na Greil Marcus, ulitoka 1987. Wa pili, wa John Morthland, 2003. Anza na wa kwanza. Wengi walimjua kupitia filamu ya Almost Famous ya mwaka 2000, ambamo Philip Seymour Hoffman alimwigiza. Hoffman alifanya kazi nzuri sana, ila Bangs wa filamu ni mpole na mwenye busara kuliko wa kwenye karatasi.

Nani anamfaa nani

Kama unapenda kusoma kuliko unavyopenda orodha, chukua Bangs. Huna haja ya kuzijua bendi anazozitaja. Ila msome kidogo kidogo. Kurasa hamsini kwa mpigo zinachosha, na ukijaribu kumwiga katika maandishi yako mwenyewe utaona aibu baadaye, kama walivyoona waigaji wake wengi.

Kama una muda mchache na unataka kusikiliza vitu vingi vya aina nyingi, Christgau. Chukua A na A+ zake za muongo mmoja, ruka metali, anza. Huyu ndiye pia wa kumpa rafiki anayedhani wahakiki wa Marekani hawajui chochote nje ya magitaa ya wazungu.

Kama tayari umesikiliza yale yanayotajwa kila mahali na unahisi lazima kuna mengine, Scaruffi. Chukua mwaka mmoja, tuseme 1971 au 1974, sikiliza zile alizozipa 8 na kuendelea, na maelezo yake usiyasome mpaka umalize. Ukitanguliza maelezo, ukali wake utakuamulia kabla sikio lako halijapata nafasi.

Kama wewe ni mpenzi wa The Beatles wa kufa na kupona, bado unaweza kumsoma Scaruffi. Anza na kurasa zake za jazi au za bendi za Ujerumani, na ule ukurasa uuache kwa mwaka mwingine.

Kama unataka kuandika tahakiki wewe mwenyewe, anza na Christgau kwa ajili ya nidhamu ya aya moja. Jaribu kuielezea albamu kwa maneno mia moja bila kurudia sifa hata moja. Ukishaweza hilo, mfungue Bangs, utajua ni kitu gani hasa alichokuwa anakivunja.

Na kama uliwahi kumsoma mmoja wao ukamchukia, usimrudie kwa kujilazimisha. Nenda kwa yule aliye mbali naye kabisa: aliyechoshwa na fujo za Bangs mara nyingi hutulia kwa Scaruffi, na aliyeudhiwa na namba za Scaruffi atapumua akimsoma Bangs. Christgau ni wa peke yake. Anayemkimbia yeye huwa anarudi, kwa sababu tu kila akitafuta albamu mpya anakuta mzee alishaipitia na kuiandikia aya.